Kila Panga na Sababu Yake

Idadi ndogo kuliko zote ya mapanga ya propela ni moja, na panga hilo moja limewahi kurusha ndege. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, propela iliyoitwa Everel ilifungwa kwenye ndege ndogo: upande mmoja panga, upande wa pili kipande kizito cha kulisawazisha. Ukiiona pichani utadhani imevunjika, lakini wazo lake lilikuwa na mantiki. Panga linapopita huiacha hewa imevurugika, na linalofuata hulazimika kufanya kazi ndani ya vurugu hiyo. Tena kila panga lina uzito wake, gharama yake na mkwaruzo wake hewani. Ndiyo maana fundi huanza na machache iwezekanavyo, na kila analoongeza lazima lijieleze.

Tatizo la panga moja ni kwamba uzito unaweza kusawazishwa kwa chuma, ila msukumo hauwezi: siku zote unabaki upande mmoja. Wajerumani walijaribu tena mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mitambo ya upepo ya Monopteros karibu na Wilhelmshaven, kila mmoja na panga moja refu. Panga pekee hulazimika kuzunguka kwa kasi sana, na kasi huleta kelele. Mitambo hiyo haikupata warithi.

Mapanga mawili yalifika mbali zaidi. Mtambo wa MOD-5B, uliosimamishwa kisiwani Oahu, Hawaii, mwaka 1987, ulikuwa na rota ya kipenyo cha mita 97.5, miongoni mwa kubwa kabisa za wakati wake. Lakini mapanga mawili yana kasoro isiyofichika: yakisimama wima, kichwa cha mtambo hugeuka kwa wepesi kuufuata upepo, yakilala, hugeuka kwa uzito. Kila mzunguko mtambo unatikiswa. Tatu ndiyo idadi ndogo kuliko zote inayoondoa tatizo hilo, kwa sababu rota inageuka kwa wepesi uleule vyovyote itakavyokuwa imekaa. Johannes Juul wa Denmark alilionyesha hilo kwa mtambo wa Gedser wa mwaka 1957, uliofanya kazi takriban miaka 10 bila matengenezo makubwa. Leo pale Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365, yote ya mapanga matatu. Jumla ni mapanga 1,095.

Pampu za upepo ni habari nyingine. Nyingi zina mapanga mengi yaliyosongamana, kwa kuwa kazi yake ni kuinua maji kutoka kisimani hata upepo ukiwa hafifu. Hapo nguvu ya kuanza kuzunguka ina thamani kuliko kasi.

Majini ndiko kwenye rekodi ninazozipenda zaidi. Mwaka 2006 meli ya makontena Emma Mærsk iliingia baharini na rafadha moja ya mapanga sita, kipenyo mita 9.6, uzito wa tani 130 hivi, iliyomiminwa Waren, Ujerumani. Ilikuwa miongoni mwa rafadha nzito kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Mapanga sita yalihitajika kwa sababu injini moja kubwa ilipaswa kupitisha nguvu zake zote kwenye shafti moja, na mzigo huo ukigawanywa kwa mapanga machache, kila moja huyasukuma maji kwa nguvu mno hadi mapovu yanazuka na kuanza kuula uso wa chuma. Miaka saba baadaye kampuni ileile ilileta meli kubwa zaidi, Mærsk Mc-Kinney Møller. Hii ilikuwa na rafadha mbili, kila moja mapanga manne tu, kipenyo mita 9.8. Meli ilikubali kwenda polepole, mzigo ukagawanywa kwa shafti mbili, na mapanga mawili ya ziada yakakosa sababu ya kuwapo.

Rekodi ya mwendo ina simulizi nzuri zaidi. Julai 1952 meli ya abiria SS United States ilivuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40, na hakuna meli kubwa ya abiria ya safari hizo iliyoipiku tangu hapo. Ilikuwa na rafadha nne: mbili za mapanga manne, mbili za mapanga matano. Kila panga linapopita chini ya tumbo la meli hulipiga pigo dogo la maji. Rafadha zote zikiwa na idadi moja, mapigo hupatana na meli nzima hutetemeka. Nne na tano hazipatani. Mhandisi Elaine Kaplan wa kampuni ya Gibbs & Cox ndiye aliyeshughulikia umbo la rafadha hizo, na kwa miaka mingi zilikuwa siri ya kijeshi. Jina lake lingestahili kujulikana kuliko la nahodha.

Siri hiyo haikuishia hapo. Nyambizi nyingi za kivita hutumia mapanga saba yaliyopinda mithili ya mundu, idadi isiyolingana na mapezi ya mkiani, ili adui asisikie mdundo wake.

Angani tatizo ni ncha. Zikikaribia kasi ya sauti, kelele hupanda na ufanisi hushuka, na kuirefusha propela hakufai kwa kuwa ardhi ipo chini yake. Njia iliyobaki ni kuongeza mapanga. Abiria wa Precision Air wanaopanda ATR 72-500, au wa Air Tanzania kwenye Dash 8 Q400, wakitazama dirishani kabla injini haijawashwa watahesabu sita. Ndege ya mizigo ya Airbus A400M ina manane kila injini, na propela yenye kipenyo cha mita 5.3. Helikopta ya Mi-26, kubwa kuliko zote zinazotengenezwa kwa wingi, nayo ina manane, rota ikiwa na upana wa mita 32. Helikopta ya EC135 ina kumi ndani ya mkia wake, tena hayakupangwa kwa nafasi sawa, ili kelele itawanyike badala ya kuwa mluzi mmoja mkali.

Injini za jeti zimeanza kupunguza. GE90-115B, iliyokuwa bingwa wa msukumo, ina mapanga 22 mbele. GE9X, iliyoivunja rekodi hiyo kwa msukumo wa ratili 134,300, ina 16, japo feni yake ni pana zaidi, mita 3.4. Mapanga yake ya nyuzi za kaboni ni mapana kiasi kwamba sita yaliyopungua hayahitajiki.