Jasho Linapokataa Kukauka

Mkulima wa kakao wa Bungulu, mjini Beni mashariki mwa Kongo, hahitaji kufundishwa maana ya unyevu. Asubuhi anatandaza punje zake juu ya shitingi mbele ya nyumba, anazigeuza kwa mkono huku akitazama anga. Ziko siku ambazo jua ni kali lakini kakao haikauki: mvua ya usiku imeiacha hewa nzito, majani ya mgomba hayatikisiki, na hadi jioni punje bado zinateleza. Ziko siku nyingine jua ni la wastani tu, ila upepo unapita, na kufika saa tisa punje zimeanza kulia mkononi. Jua peke yake halikaushi. Panahitajika hewa yenye nafasi ya kupokea maji.

Mwili wa binadamu uko hivyo hivyo, na sura hii yote imejengwa juu ya jambo hilo moja.

Mwili hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Kila msuli unaoinua jembe au kubeba gunia huzalisha joto, na joto hilo sharti lipate pa kutokea. Hewa ikiwa na ubaridi, kama kule Butembo juu milimani, ngozi huliachia taratibu bila sisi kujua. Lakini ukishuka kilometa 54 hadi Beni, umeteremka zaidi ya mita 500, na hewa imeongezeka joto kwa nyuzi tatu hivi. Hapo mtu anayefanya kazi nzito hutegemea zaidi njia moja: jasho.

Wengi hudhani jasho hupoza kwa kuwa ni maji. Sivyo. Jasho hupoza linapogeuka mvuke, kwa sababu maji hayawezi kuwa mvuke bila kuchukua joto, na joto hilo hulichukua kwenye ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini, huondoka na joto linaloweza kuchemsha lita saba za maji ya kisima. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Limekupotezea maji na chumvi bure. Ndiyo maana siku ya unyevu mwingi mtu hulowa shati lote na bado anahisi kuungua.

Somo hili Beni ililijua kwa uchungu. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini, na haukuisha rasmi hadi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Waliowahudumia wagonjwa walivaa mavazi yasiyopitisha majimaji: suti nzima, barakoa, miwani, glavu mbili, viatu vya mpira. Vazi lililozuia virusi kuingia lilizuia pia mvuke kutoka. Dakika chache tu, na hewa iliyokuwa ndani ya suti ilishiba unyevu. Kuanzia hapo jasho lilitiririka hadi kwenye viatu bila kupoza chochote, na miwani ikafunikwa na ukungu. Kwa hiyo muda wa kukaa ndani ulihesabiwa, takriban saa moja, kisha mtu atoke, avue, anywe, apumzike, hata kama moyo wake ulibaki kitandani kwa mgonjwa.

Huko huko Beni shirika la ALIMA lilitumia chumba kiitwacho CUBE: kuta za plastiki angavu zenye mikono ya glavu iliyoshonewa humo humo. Muuguzi alisimama nje na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa suti nzima, na familia iliweza kumwona mpendwa wao. Badala ya kumlazimisha mtu avumilie joto, walibadilisha mahali pa kazi. Hiyo ndiyo busara ya kwanza ya kuikabili hali ya joto.

Wanasayansi huupima mchanganyiko wa joto na unyevu kwa kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji. Kikionyesha nyuzi 35, hata kijana mzima aliyekaa kivulini hawezi kudumu saa nyingi. Hali hiyo imewahi kupimwa kwa muda mfupi huko Jacobabad nchini Pakistani na kwenye mwambao wa Ghuba ya Uajemi. Hewa ya Bungulu haifiki huko. Hatari yetu iko kwenye chumba cha mabati kisicho na dirisha, kazi nzito ya saa sita mchana, na koti zito la mwendesha pikipiki.

Basi lisaidie jasho likauke. Vaa nguo nyepesi, pana, za pamba. Fungua madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Weka dari chini ya bati, panda mti upande wa magharibi wa nyumba. Kazi nzito ifanyike alfajiri na jioni. Kunywa maji safi kidogo kidogo kabla kiu haijakukamata. Ukitokwa na jasho kwa saa nyingi, kula na kitu chenye chumvi. Pombe haihesabiki kuwa maji.

Kizunguzungu, kichefuchefu, mkakamao wa misuli na udhaifu ni onyo: acha kazi, ingia kivulini, legeza nguo, kunywa. Mtu akianza kuropoka, kupepesuka au kuzimia huku mwili unawaka, hiyo ni dharura ya kifo. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, huku mkimpeleka hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe. Na kwa kuwa malaria nayo huanza kwa mwili kuwaka, homa yoyote ipimwe, isisingiziwe jua.

Joto huharibu akili ya yule yule anayepaswa kuamua kupumzika. Ndiyo maana wahudumu wa Ebola huingia wawili wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake. Nasi tufanye hivyo shambani, sokoni na kwenye matanuri ya matofali. Mwenzako akinyamaza ghafla au akajibu ovyo, usimcheke wala usimhimize amalize. Mshike mkono, mtoe juani.