Profesa aliyechunguza ghasia za maji

WAHENGA walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyeushuhudia ukweli huo ndani ya bomba la maji ni Profesa Osborne Reynolds.

Bwana huyu alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka wa 1842. Kabla ya kwenda Cambridge kusoma hisabati, alijifunza kazi katika karakana ya mitambo. Mwaka wa 1868, kabla hajatimiza miaka 26, aliteuliwa profesa wa uhandisi katika chuo cha Owens, Manchester, akafundisha huko hadi 1905.

Manchester ya siku hizo ilikuwa mji wa viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa mvuke. Maboila yalikula makaa ya mawe kutwa kucha, na joto lililopotea lilikuwa fedha iliyopotea.

Mwaka wa 1874 Reynolds alieleza jinsi joto linavyosafiri. Alisema maji au hewa inayopita kwenye chuma chenye moto hujikoroga. Sehemu zake hufika ukutani, zikachukua joto, kisha zikarudi katikati. Mkorogo huo huo ndio unaoleta msuguano. Basi anayetaka joto lipite upesi sharti akubali kusukuma kwa nguvu zaidi. Mpishi wa uji analijua jambo hili: asipokoroga, chini kunaungua na juu kungali baridi.

Lakini mkorogo huo huanza lini? Mwaka wa 1883 Reynolds alitumbukiza bomba la kioo ndani ya tangi la maji yaliyotulia, akapitisha humo maji kidogo yenye rangi. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilinyooka kama uzi. Alipoongeza kasi, ghafla uzi ulikatika na rangi ikatapakaa bomba zima.

Akagundua kwamba kasi peke yake haitoshi kueleza hayo. Chukua kasi, zidisha kwa upana wa bomba, kisha gawanya kwa kadiri maji yanavyonata. Jawabu likiwa chini ya 2,000 hivi, vurugu hufa yenyewe. Likizidi hapo, mtikiso mdogo waweza kuharibu utulivu. Kwa kuyatuliza maji yake sana, Reynolds alipita 10,000 kabla uzi haujakatika. Waliorudia jaribio hilo Manchester miaka mingi baadaye hawakumfikia, kwa kuwa magari ya barabarani yalitikisa tangi.

Reynolds alifariki mwaka wa 1912. Hesabu yake, inayoitwa nambari ya Reynolds, hutumiwa na wahandisi wa mabomba, meli na ndege. Hata hivyo, wataalamu wangali wanabishana jinsi utulivu unavyogeuka ghasia.

Msomaji, jioni ya leo fungua mfereji kidogo tu. Maji yatateremka meupe kama kioo. Sasa uzungushe zaidi, utazame yanavyochafuka. Hilo ndilo swali la Profesa, nalo lingali mbele yako.