Gari la Marehemu na Mafungu Arobaini

Illasit ni mji mdogo chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Kajiado, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtu atokaye Loitokitok kwenda Taveta huupitia. Hapo ndipo marehemu baba yangu alipofungua duka la nguo akaiacha Mombasa, na hapo ndipo alipozikwa mwaka jana, Mola amrehemu. Aliacha mjane, wana wawili wa kiume, binti mmoja, na gari aina ya Peugeot 404 lililofunikwa turubai chini ya mgunga.

Msomaji kijana atacheka: gari kuukuu la nini? Lakini wa umri wangu wanajua. Gari hilo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na likashinda mashindano ya Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara ya kwanza na ya mwisho lilikuwa mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mbili za katikati ni za Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mkaazi wa Tanzania, basi ng'ambo ya mpaka nako watu walijiona wameshinda. Mwaka 1968, kwa mvua na matope, katika magari 93 yaliyoondoka yalifika saba tu. Baada ya hapo wenye maduka hawakuhitaji kushawishiwa.

La baba lilinunuliwa limekwisha tumika. Giya yake imo shingoni mwa usukani. Ndilo lililonipeleka Mombasa kusoma chuoni nilipokuwa na miaka saba, kwa njia ya Taveta na Voi, vumbi tupu wakati huo, mama ametufunika leso. Juzuu nilikuwa nayo mapajani, na baba alinisomesha huku anaendesha. Nikikosea hupiga honi mara moja. Nikirudia kosa lile lile, mara mbili. Ndovu wa Tsavo ni mashahidi.

Sasa alikuja dalali kutoka Nairobi, ametumwa na tajiri akusanyaye magari ya zamani. Akafunua boneti, akaigonga bodi kwa kidole na kusikiliza kama mtu anayechagua nazi, akataja shilingi 400,000. Mdogo wangu akakataa papo hapo. Akasema baba alimwambia, mbele ya mama, kwamba gari ni lake. Mama akakiri kuwa alisikia. Dada yetu akanyamaza.

Nami naungama: nalifurahi. Sikutaka liuzwe, na ukaidi wa mdogo wangu ukaniondolea taabu ya kulisema.

Usiku wa pili nikamkuta dada jikoni. "Kaka," akasema, "mwanangu ameitwa chuo kikuu na karo sina. Lakini nikitaka haki yangu nitaambiwa namwuza baba."

Sikulala. Niliyosomeshwa chuoni yalinirudia moja moja. Maneno ya baba hayakuwa hiba, kwani hiba hutimia kwa kukabidhi, na funguo zilikuwa mfukoni mwake hata siku aliyoanguka. Ulikuwa wasia, na kwa mafundisho ya Mtume (S.A.W.) mrithi hausiwi, ila warithi wenziwe waridhie. Je, dada ameridhia? Kunyamaza ni ridhaa ya mwanamwali anayeposwa, si ya mrithi.

Baada ya sala ya alfajiri nikawakusanya penye gari. Nikawasomea hesabu ya Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12: mjane apata thumni, kilichobaki mwanamume apata mara mbili ya mwanamke. Yakatoka mafungu 40: mama 5, sisi wanaume 14 kila mmoja, dada 7. Kwa bei ya dalali, fungu moja ni shilingi 10,000. Anayelitaka gari na awanunue wenziwe.

Mdogo wangu akatazama chini. Yeye ni mtu wa vitunguu, na mwaka huo vitunguu vilimtupa.

Mama akasema fungu lake litangoja. Nami nikasema langu litangoja, ingawa moyo ulikuwa mzito, maana hizo ni shilingi 140,000, na ushairi hauezeki nyumba. Lakini 70,000 za dada hazingoji. Zilipwe kabla mtoto hajaondoka. La sivyo, aitwe dalali.

Aliuza fahali wawili.

Siku ya safari dada alizihesabu noti juu ya boneti, mara mbili, akazifunga katika pindo la leso. Kisha akaufungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, akamwambia ndugu yake ampeleke Taveta akapande basi. Gari lilikohoa, likakataa, likakubali. Walipofika barabarani ikalia honi, mara moja.

Mama, kibarazani, akauliza, "Nani amekosea?"