Vitufe vya Kinasasauti na Kazi ya Mtafiti Nyanjani

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hii yamhusu sana mtafiti wa fasihi simulizi, kwa maana yeye hushika mawili kila aendapo nyanjani: mkono mmoja uko kwa fanani, na mwingine uko kwa mashine. Aitazamapo mashine, humpoteza fanani. Na amtazamapo fanani, aghalabu mashine humtenda asilolitarajia.

Makala haya yanakusudia kueleza vitufe vichache vya kinasasauti cha kidijiti cha mkononi ambavyo vyaweza kutumiwa moja kwa moja, bila kuipekua menyu ya mashine. Hoja yetu ni kwamba njia hizi za mkato hazikuwekwa kwa ajili ya haraka tu. Faida yake kubwa ni kuuachia mkono kazi ya mashine ili jicho na sikio vibaki kwa mtu anayetamba, anayeimba au anayeghani. Mifano yetu mingi itatokana na kinasasauti cha H4n cha kampuni ya Zoom ya Japani, kilichotolewa mwaka 2009, kwa sababu vitufe vyake vinadhihirisha karibu kila jambo tutakalolieleza. Hata hivyo, tutataja na mashine nyingine pale zinapotofautiana nacho.

1. Kutoka tepu hadi dijiti

Tangu kaseti ilipoanzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, watafiti wengi waliizoea tepurekoda ambayo ilijieleza yenyewe. Aliyetaka kunasa sauti alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Vitufe vikazama na kukaa chini, na kupitia kidirisha tepu ikaonekana ikizunguka. Kidole kilihisi, na jicho likathibitisha kwa kutupa tazamo moja tu.

Kinasasauti cha kidijiti hakina ushahidi wa namna hiyo. Kitufe chake hubonyea na kurudi juu, na ndani hakuna kitu kinachozunguka. Kitufe kile kile chaweza kuwa na maana mbili au tatu kwa kutegemea hali ya mashine wakati huo. Mtumiaji hana budi kujifunza ishara mpya badala ya zile za zamani, na hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

2. Kitufe cha kunasa

Katika H4n, kitufe chekundu cha kunasa kibonyezwapo mara moja, mashine haianzi kunasa bali huingia katika hali ya kungoja. Taa nyekundu humeta-meta, vipimo vya sauti hupanda na kushuka kiooni, na mwenye visikilizio masikioni husikia kila neno. Mambo yote yaonekana kuwa sawa, lakini hakuna sauti inayohifadhiwa. Ni mpaka kitufe kibonyezwe mara ya pili ndipo taa itulie na saa ya kiooni ianze kuhesabu. Baadhi ya mashine za kampuni ya Tascam, mathalan DR-05, nazo hufuata utaratibu huu. Kwa upande mwingine, H1 na H6 za Zoom huanza kunasa mara kitufe kibonyezwapo.

Tofauti hii si ndogo. Mtafiti aliyezoea mashine ya aina moja akiazima ya aina nyingine, aweza kurudi nyumbani na kadi tupu baada ya kusikiliza utendi mzima kwa furaha. Fanani mkongwe hawezi kuombwa arudie kama kwamba hapakuwa na jambo. Utendaji wa pili ni utendaji mwingine, wenye hadhira nyingine na maneno mengine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiamini vipimo wala visikilizio, amini saa inayohesabu.

Hali ya kungoja, hata hivyo, ina manufaa yake. Ndiyo nafasi ya kurekebisha kiwango cha sauti kabla ya shughuli kuanza. Tena, mashine kadhaa zina uwezo wa kuhifadhi sekunde 2 hivi zilizotangulia kubonyezwa kwa kitufe, ili mwanzo wa ghafla wa wimbo usikatike. Anayeutumia uwezo huo na akumbuke kwamba mashine yake imekwisha kuanza kusikia. Yafaa fanani naye alijue jambo hilo na kuliridhia mapema.

3. Kufunga vitufe

Swichi ya kuwashia H4n, isukumwapo upande wa pili, huvifunga vitufe vyote visiitikie. Hii ndiyo njia ya mkato iliyo fupi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa mno. Mashine iliyowekwa mkekani yaweza kuguswa na mtoto au kufunikwa na leso. Mashine iliyo mfukoni huguswa na kila kitu. Saa ikianza kuhesabu, vitufe na vifungwe.

Sababu nyingine ni ya kiufundi. Faili ya sauti ya aina ya WAV huwa na maelezo mwanzoni mwake yanayotaja urefu wa sauti iliyomo, na maelezo hayo hukamilishwa mtumiaji anapositisha unasaji. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kompyuta yaweza kushindwa kuifungua faili ingawa sauti yenyewe imo kadini. Kwa hiyo betri zisitolewe kamwe kabla ya kitufe cha kusitisha kubonyezwa na mashine kumaliza kuandika.

4. Kiwango cha sauti

H4n ina vitufe viwili ubavuni vya kupandisha na kushusha kiwango cha kunasa. Kidole gumba chaweza kuvifikia bila msaada wa jicho. Mashine nyingi zina pia njia iliyo rahisi zaidi: kuiachia mashine yenyewe ipange kiwango. H1 ina swichi ya kazi hiyo mgongoni, na ni rahisi kuigusa bila kukusudia.

Tuuchukue mfano wa mpigaji nyatiti wa Kijaluo. Huimba huku akizicharaza nyuzi 8, akigonga fremu ya ala kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu, na kuzitikisa njuga. Mlio wa pete huzidi sauti ya mwimbaji kwa mbali. Mashine iliyoachiwa kupanga kiwango hushtuka kwa kila pigo: hukishusha kiwango, ikayameza maneno yanayofuata, kisha hukipandisha tena polepole. Msikilizaji wa kawaida huenda asione kasoro, lakini mwanaisimu atakayepima nguvu ya silabi katika sauti hiyo atakuwa anaipima tabia ya mashine wala si usemi wa mwimbaji.

Inafaa basi kiwango kipangwe kwa mkono, na vilele vya sauti viachwe desibeli 12 hivi chini ya ukomo. Tepu ilipozidiwa na sauti iliharibika kidogo kidogo. Dijiti ikifika ukomo hukata papo hapo, na kilichokatwa hakirudi.

5. Alama na marudio

Wakati wa kunasa faili ya WAV, kitufe cha kunasa cha H4n kikibonyezwa tena hutia alama mahali hapo. Mtafiti aweza kuitumia alama hiyo kuonyesha mwanzo wa kitendawili, badiliko la mtambaji au neno la kuulizwa baadaye. Lakini kila mguso kwenye mwili wa mashine husikika katika maikrofoni zake, na katika mashine nyingine kitufe hicho hicho huwa na kazi tofauti kabisa. Pale ambapo ukimya unahitajiwa, kuandika dakika na sekunde daftarini ni bora kuliko alama.

Vitufe vinavyomfaa zaidi mwanaisimu hufanya kazi yake baada ya hafla. H4n ina kitufe cha kuteua mwanzo na mwisho wa kipande na kukirudia bila kikomo, na kingine cha kubadili kasi kutoka nusu hadi mara moja na nusu ya kasi ya asili. Kwa anayenukuu toni za Kikuyu au za Kijaluo, marudio ya kishazi kimoja huyapa masikio nafasi ya kuamua. Kasi iliyopunguzwa, hata hivyo, ni ya kusaidia unukuzi tu. Urefu wa irabu usipimwe humo.

6. Njia ya mkato ya hatari

Si kila mkato ni wa kufuatwa. Katika H1, kushika kitufe cha kufutia huku ukiiwasha mashine huianzisha kazi ya kuisafisha kadi yote. Kaseti ilikuwa na vikonyo vya plastiki vya kuvunja ili isinaswe tena, na kadi kubwa ya SD ina kifungo chake kidogo ubavuni. Kadi ndogo ya microSD, inayotumiwa na H1, haina kinga ya namna hiyo. Aidha, haja ya kufuta nyanjani imepungua sana. Sauti ya stirio yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 huchukua gigabaiti 1 hivi kwa saa, na kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa zipatazo 30. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili ziwe zimewekwa mahali pawili.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba vitufe hivi ni sehemu ya mbinu za utafiti, si mapambo ya mashine. Ingefaa wanafunzi wetu wafunzwe kuvitumia gizani, au wakiwa wamefumba macho, kabla ya kutumwa vijijini, kama vile mpiga ala ajifunzavyo nyuzi zake. Fanani hutambua upesi msikilizaji anayemsikiliza na yule anayekitazama kioo. Naye hutamba kwa kadiri anavyosikilizwa. Mkono ulioizoea mashine humrudishia fanani hadhira yake, na bila hadhira hakuna fasihi simulizi ya kunaswa.