Rangi ya babifuti: Maandalizi kwanza, brashi baadaye

HARAKA haraka haina baraka, walisema wahenga. Mimi niliusadiki usemi huo mbele ya sanduku la babifuti hapa Rumonge.

Mpwa wangu hujipatia riziki kwa meza ya babifuti, ule mpira wa mezani wa wachezaji waliotungwa kwenye vyuma. Meza ikichakaa, vijana huhamia ya jirani. Ya kwake ilikuwa imebambuka rangi na mbao zimeanza kulowa. Kwa kuwa nilisoma stadi za kazi shuleni kule Ulyankulu, Tanzania, nilijitolea kuipaka.

Nilitumia rangi ya maji iliyobaki baada ya kupaka ukuta, nikaipaka juu ya ile ya zamani. Mvua zilipoanza, ikatoka kama maganda. Fedha ya mpwa ikapotea, nami nikaona aibu.

Fundi mmoja wa mitumbwi aliitazama akacheka. “Mwalimu, umepaka rangi juu ya mawese,” aliniambia.

Kweli, mji wetu ni wa mawese, na mikono ya wachezaji huacha mafuta kwenye kingo. Rangi haishiki penye mafuta.

Tukaanza upya. Tulitoa vyuma, tukaosha sanduku kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaliacha likauke kivulini. Ukafuata msasa, namba 80 penye mabaka kisha 120. Tahadhari: rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia msasa wa maji, funika pua na uwaweke watoto mbali.

Mashimo tuliyaziba kwa puti. Tulipaka praima kote, hata chini na kwenye ncha za mbao, maana huko ndiko maji huingilia. Kisha rangi ya mafuta, mikono miwili myembamba, na msasa namba 240 katikati. Mkono mmoja mzito hukauka juu huku ndani ukibaki laini.

Je, utumie brashi, rola au kupuliza? Brashi inafaa pembeni, na rola ndogo ya sponji ubavuni, kwani haiachi mistari. Kupuliza hung’arisha zaidi, lakini upepo wa ziwa wakati wa mchana huleta vumbi na kupeperusha rangi. Paka asubuhi, umande ukishakauka.

Nanyi mnaoleta makopo kutoka Kigoma, tina hushika moto upesi. Iwekeni mbali na injini ya boti na wavuta sigara. Mnunuzi naye, akiwa na makopo kadhaa ya rangi moja, ayachanganye kwanza katika ndoo, kwani huweza kutofautiana kidogo.

Mpwa alitaka kufungua siku ya pili. Nilimsihi asubiri wiki nzima, ingawa ilimuuma kukosa mapato. Mvua zilizofuata zilipita, na rangi bado imeshika. Vijana wamerudi.