Mafuta ya Ini Hupimwa bila Kisu



Wengi wetu, kama jamaa zetu wa Same na Milima ya Upare, twadhani ini lisilouma ni zima. Sivyo. Ini laweza kujaa mafuta kimya kimya, mwisho likaota makovu.

Njia ya zamani ni sindano ichotayo kipande cha ini. Sasa iko sumaku kubwa: mgonjwa hulazwa ndani, hupitishiwa mawimbi ya redio, na maji na mafuta hujibu kila kimoja kwa mlio wake. Mashine huyatenga kama tutengavyo karafuu na makonyo. Utafiti wa Dallas, Marekani, 2005, uliweka mpaka: 5.56 kwa mia.

Mashine hizi ni chache; daktari huanza kwa altrasaundi. Basi tuulize mapema, tusingoje maumivu.