MBOLEA HUFIKAJE SHAMBANI?
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mtu akitajiwa Mgololo hukumbuka upesi kiwanda cha karatasi. Lakini wengi wetu tu watoto wa wakulima, na hata daftari hili ninaloandikia limenunuliwa kwa fedha ya mahindi. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji jambo ambalo wazazi wetu hulizungumza kila mwaka mvua zikaribiapo, yaani, mfuko wa mbolea ya chumvichumvi hutoka wapi, na ni nani anayemfikishia mkulima.

Kwanza, kwa nini tunaihitaji? Nchi yetu ya Mufindi hupata mvua nyingi, nazo huchukua chakula cha mimea kilichomo udongoni. Samadi ni nzuri sana, lakini asiye na ng'ombe ataipata wapi ya kutosha ekari nzima? Basi mkulima hutia mbolea ya kupandia, kama vile DAP, apandapo mbegu. Kisha hutia ya kukuzia, kama vile urea, mahindi yafikapo magotini. Ya kwanza hutia nguvu mizizi, ya pili hustawisha majani.

Sehemu kubwa ya mbolea hizi hutoka ng'ambo na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Makampuni ndiyo yanayoziagiza, na mawakala ndio wanaoziuza. Serikali haina duka katika kila kijiji, wala mfanyabiashara hawezi kuuza kwa hasara. Ndiyo sababu pande hizi mbili hazina budi kushirikiana.

Mwaka 2008 ulianza mpango wa vocha. Mkulima alipewa hati iliyolipa karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja, naye akaongeza iliyobaki. Mwenye duka alipeleka hati hizo benki akalipwa. Mpango huo ulikwisha mwaka 2014.

Mwaka 2022 bei ilipanda sana duniani. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku. Mkulima hujiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, akapata namba. Wakala huihakiki namba hiyo kwa simu, akauza kwa bei iliyopunguzwa, na Serikali hulipa tofauti. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa urea, uliopita shilingi 120,000, uliuzwa karibu shilingi 70,000.

Je, kazi imekwisha hapo? La. Msimu mmoja mama yangu aliuza mbuzi wawili ili anunue mbolea. Alipofika dukani, mbali na kijijini, akaambiwa imekwisha, arudi wiki ijayo. Alirudi akaipata, lakini nauli mara mbili pamoja na gharama ya mizigo zilikula sehemu ya punguzo, na mahindi yetu yalikwisha ota bila mbolea ya kupandia. Jirani aliyeipata mapema alivuna zaidi yetu.

Zamani nilimlaumu muuzaji. Sasa naona kwamba yeye hulipia mifuko na lori kabla ya kurudishiwa fedha yake, wala hawezi kupanda milima yenye matope kwa ajili ya mifuko minne. Lakini wakulima 30 wakiagiza pamoja, kabla ya mvua, lori litajaa na safari itamfaa. Hapo ndipo panapohitajika upande wa tatu, nao ni sisi wenyewe. Serikali ilipe mapema, wakala alete mapema, na wakulima tuagize pamoja.

Wanafunzi wenzangu, likizo ya Juni ikifika tuwaulize wazazi kama wamejiandikisha, tuwasomee ujumbe wa simu, na tuwahesabu majirani walio tayari kuagiza pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.